Kichwani au Mguuni

Kwa miaka thelathini na moja nilifundisha watoto wa watu kwamba mtu mzima ana urefu wa vichwa saba na nusu. Aliyeniletea vichwa vitano nilimwambia amechora mtoto. Aliyeniletea vichwa kumi nilimwambia amechora mti wa stima, arudi akae chini aanze upya. Nilikuwa mkali na sijutii. Huku kwetu mwalimu wa kuchora haheshimiwi. Mwenzako wa hesabu akiingia darasani watoto wanakaa wima, wewe ukiingia wanadhani ni wakati wa kucheza. Bila ukali wangenila mzimamzima.

Nilipostaafu nilirudi nyumbani, mlimani juu ya Keumbu, kwenye chai yangu na ndizi za mke wangu. Mke wangu aliitwa Esnah. Alifariki mwaka jana mwezi wa tatu, asubuhi, akiwa anakoroga uji. Daktari alisema ni presha. Watu walikuja, wakala, wakalia, kwaya ya kanisa letu la Sabato ikaimba mpaka sauti zikakauka, kisha kila mtu akaenda kwake. Nikabaki na nyumba ya vyumba vinne na sufuria nyingi kuliko midomo. Hadi leo nikisonga ugali nasonga wa watu wawili, halafu nakasirika, halafu nampa mbwa.

Mtoto wetu ni mmoja tu, Sharon. Yuko Minnesota, kama vijana wengi wa Kisii, anauguza wazee wa watu wengine. Mwezi wa nane alinipigia simu.

"Tata, nakuja Disemba," alisema. "Nataka unichoree mama. Uso niko nao kwa picha nyingi. Nataka vile alikuwa anasimama, vile alikuwa anatembea. Picha zote amesimama kama askari wa gwaride."

Hilo ni kweli. Mkisii wa umri wetu akiona kamera ananyooka, anashusha mikono, anaacha kupumua. Nina picha ishirini za Esnah na katika zote ishirini ni kama anangoja kukaguliwa. Nikamwambia Sharon nitamchora. Ningesema nini kingine? Mwalimu wa kuchora atamwambiaje mtoto wake kwamba hawezi kumchora mama yake?

Nilikaa mezani na penseli. Nilianza kichwani, kama kawaida. Nikapima saba na nusu, nikashusha uti wa mgongo, nikaweka vijiti vya mikono na miguu na viduara vya maungio, kisha nikamvika rinda. Akatoka mwanamke mzuri kabisa, ambaye angeweza kuwa mwenyekiti wa kina mama katika kanisa lolote kuanzia Keumbu hadi Magwagwa. Nikarudia. Nilirudia mara arobaini, na mara zote arobaini alitoka mwenyekiti yuleyule. Shingo kwenda juu nilikuwa namjua. Shingo kwenda chini hapakuwa na mtu.

Niliogopa. Niliogopa kuliko siku ya mazishi, kwa sababu siku ile nilijua nimempoteza mara moja, na sasa nilikuwa nampoteza kila siku kidogo. Maelfu ya watu nimewachora maishani, wapagazi, wauza mboga, watoto wa shule, ng'ombe. Mke wangu sikuwahi kumchora hata mara moja. Mganga hajigangi, wanasema, na wanaosema huwa wanacheka.

Nikaona nirudi soko la Daraja Mbili, mjini Kisii. Zamani tulikuwa tukienda pamoja siku za soko. Yeye alinunua mitumba ya kuuza Keumbu, mimi nilikaa juu ya kreti upande wa ndizi nikichora wapagazi. Nikimaliza nilimkuta upande wa mafundi wa nguo na tukarudi nyumbani. Nilidhani huenda nikikaa palepale mkono utakumbuka kile ambacho kichwa kimesahau. Mkono haukukumbuka kitu. Lakini mvua ilinyesha, nikakimbilia kibanda cha fundi mmoja, na huko ndiko nilikompata Jaffer.

Jaffer ni fundi cherehani, Mwislamu wa mjini, mzaliwa wa hapahapa. Babu yake alikuja na cherehani akitokea Kisumu na hakuondoka tena. Kazi yake ni kupunguza nguo za mitumba ziwaenee watu wa kwetu. Tulikuwa tukisalimiana miaka yote bila kuzungumza. Siku ile ya mvua alinipa pole ya msiba, akanipa kigoda, akaendelea na kazi. Mara nikamwona anachukua kipande cha karatasi ya kaki, ile ya kukatia vielelezo vya nguo, na kwa chaki yake ya ufundi anamchora mpagazi aliyekuwa akivuka tope. Hakumaliza hata nusu dakika. Akaiweka kando kama mtu aliyejikuna.

"Nani alikufundisha?" nikamwuliza.

"Suruali," akasema.

Aliniambia kwamba fundi akipima watu kwa utepe tu atashona nguo za maiti. Lazima ujue mteja anasimamaje: nani anaangusha bega, nani anaegemea mguu mmoja, nani anasukuma tumbo mbele kwa kujivuna. Mteja akijua unamtazama ananyooka, kwa hiyo unamwibia anapopita.

Tangu siku hiyo kila siku ya soko nilikuwa kibandani kwa Jaffer. Tulichagua mtu mmoja, Jaffer akaweka simu yake ihesabu nusu dakika, na simu ilipolia kila mmoja aliweka kalamu chini. Mara ya kwanza tulimchora Okemwa, mpagazi mfupi mwenye shingo nene, akiwa na mkungu wa ndizi begani. Mimi nilianza kichwani, nikashuka na vipimo vyangu. Jaffer alianza mguuni, ule mguu mmoja uliobeba mtu na ndizi zake, akaukita chini kama jembe, kisha akapanda na mstari kupitia goti hadi nyonga, kutoka hapo akafuata mikunjo ya shati inavyovutwa kutoka kwapani. Uso hakuweka. Kichwa kilikuwa yai tupu.

"Mwalimu, wewe unaanzia juu kama mvua," alisema akiangalia ya kwangu.

"Nawe unaanzia chini kama mchwa. Mikono ya Okemwa inafika magotini, umeona? Na uso uko wapi?"

"Shati haina uso. Kazi yangu inaanzia shingoni. Hapo juu nimemwachia aliyeumba."

Nilicheka, lakini sikufurahi. Okemwa wangu alikuwa sahihi kila mahali na alikuwa amesimama na mkungu wake kama mtu aliyebeba mto wa kitanda. Okemwa wa Jaffer alikuwa na mikono ya ajabu na makosa manne niliyoyahesabu palepale, na ungemwonea huruma kwa ule mzigo.

Tulibishana majuma mengi. Nilimwambia kuhusu mhadhiri wangu wa chuo, aliyetufundisha kuchora mtu mzima kwa mstari mmoja bila kuinua penseli wala kuangalia karatasi. Tukaijaribu hiyo nayo, na wote wawili tukatoa uzi uliochezewa na paka. Jaffer alipenda ile. Alisema angalau haisemi uongo. Mimi nilitetea yangu. Nilimwambia njia yangu inafundishika, ina haki, mtoto yeyote akiifuata atapata mtu, ilhali ya kwake ni ya kungojea bahati. "Na zaidi ya hapo," nilimwambia, "kwa njia yako mtu akishapita umebaki mikono mitupu. Mimi vipimo ninavyo kichwani. Naweza kumchora mtu ambaye hayupo."

"Basi mchore," akasema.

Hakuwa ananitega. Hakujua kuhusu ile ahadi. Lakini kwa mara ya kwanza nilimwambia mtu. Nilimwambia kuhusu Sharon, kuhusu Disemba, kuhusu wale wenyekiti arobaini. Nilimwambia kwamba nafunga macho nione mke wangu akitembea na ninachoona ni rinda linatembea lenyewe. Jaffer alisimamisha cherehani.

"Siku ya soko ijayo njoo mapema," alisema tu.

Nilikwenda mapema, lakini kibanda kilijaa wateja hadi mchana. Jaffer alikuwa ameteremsha kutoka juu ya kabati bunda la karatasi za kaki lililofungwa kwa kitambaa, limejaa vumbi. Alilikung'uta vumbi, akaliweka magotini pangu. Adhana ya adhuhuri ilikuwa imeshaanza.

"Mwalimu, ziangalie hizi. Ziangalie polepole. Nakwenda kuswali, nikirudi uniambie."

Sasa lazima nieleze jambo moja, ingawa linaniaibisha. Wakati wa yale mabishano yetu Jaffer mwenyewe alikuwa amezoea kuninyooshea karatasi na kusema, "Nipe maksi, mwalimu." Mimi hutembea na biro nyekundu mfukoni hadi leo. Nilikuwa nampa tano kwa kumi, namwandikia "mikono!" au "vipimo!" pembeni, naye anacheka mpaka kofia inaanguka. Kwa hiyo aliponiachia lile bunda, niliona wazi ninachoombwa. Nilidhani ananiliwaza kwa kunipa kazi ya kusahihisha.

Zilikuwa kumi na moja, safari hii kwa penseli, na zote zilikuwa za mwanamke mmoja. Uso hakuna, kama kawaida yake. Mwanamke amesimama. Uzito wote ameutupia mguu wa kushoto, kisigino cha kulia kimeinuka kidogo, mkono wa kulia umekandamiza nyonga kwa nyuma, na mgongo umejipinda kama ndizi. Kichwa kimegeuka kando, hakiangalii anakoelekea mwili. Katika nyingine ana mfuko wa gunia miguuni, katika nyingine ameukumbatia, lakini mkao ni uleule.

Nilisema moyoni, Jaffer leo umejikoroga. Mtu mzima hawezi kusimama hivi. Ukishusha mstari kutoka shingoni lazima uangukie kwenye unyayo, na huyu mstari wake ulikuwa unaangukia hewani. Nikatoa biro. Karatasi ya kwanza nilimshushia mstari wa wima na kuunyoosha uti wa mgongo. Nikaushusha mkono kutoka nyongani ukae ubavuni. Nikakita miguu yote miwili. Kichwa nilikigeuza kiangalie mbele. Pembeni nikaandika "Mgongo!" na nne kwa kumi. Nikaenda ya pili, na ya tatu. Biro ilikuwa inateleza vizuri juu ya kaki. Sitaficha, nilijisikia vizuri. Ilikuwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi kuona nina kazi inayonihitaji, na zote kumi na moja nilizimaliza kabla Jaffer hajarudi.

Aliporudi alikuwa na uso wa mtu anayengoja habari njema. Akaangalia karatasi ya juu. Akaichukua, akaangalia ya chini yake. Hakucheka.

"Hukumwona," alisema.

"Nimemwona vizuri sana. Mgongo umeupinda kupita kiasi. Huyu mama angeanguka."

"Alikuwa haanguki." Alikaa chini polepole. "Mwalimu, huyu ni Mama Sharon."

Nilisikia, na sikusikia. Nakumbuka mwanamke mmoja wa mitumba alikuwa akikung'uta blauzi jirani yetu, na niliitazama ile blauzi mpaka akaikunja. Kisha nikaangalia tena karatasi. Chini ya mistari yangu myekundu mistari ya Jaffer ilikuwepo bado, lakini jicho lilikuwa likivutwa na nyekundu. Nilimwona mwanamke wangu wa sikuzote, mwenyekiti wa kina mama, amenyooka, mikono chini.

"Alikuwa anasimama hapa, mbele ya kibanda," Jaffer alisema. "Kila siku ya soko. Akishanunua nguo zake anakuja anasimama hapa. Mimi nilimpa kigoda. Akasema akikaa hatainuka, hii nyonga haikubali."

"Nyonga gani?"

"Hii." Akajigusa upande wa kulia. "Miaka minne hivi, labda mitano. Hakuniambia kama anaumwa. Niliona tu."

"Alikuwa anangoja nini hapa?"

Jaffer alikuwa akizipanga zile karatasi, pembe kwa pembe, kwa vidole vya mtu aliyezoea kitambaa ghali.

"Alikuwa akikungoja wewe," alisema.

Nilimwuliza ni kwa muda gani. Akasema saa moja. Siku nyingine mbili. Nilimwuliza mbona hakuniita, mimi nilikuwa pale tu kwenye ndizi, hatua mia moja. Jaffer akasema hata yeye alitaka kutuma mtu aniite, siku ya jua kali. Esnah alikataa. Alisema mwache mwalimu, akichora ndiyo roho yake inatulia. Nikikumbuka sasa, kila nilipomkuta nilimwuliza, umemaliza? Naye alijibu, ndiyo nimemaliza sasa hivi tu. Nilimwamini miaka yote hiyo kwa sababu ilinifaa kumwamini.

"Na hapa kichwa amekigeuza anaangalia nini?" nilimwuliza, ingawa nilishajua.

"Upande wa ndizi, mwalimu."

Nililia pale kibandani. Mzee wa miaka sitini na sita, mbele ya watu wa soko, na sikujali. Jaffer hakuniambia ninyamaze. Alivuta pazia la kibanda, akanigeuzia mgongo, akawasha cherehani akawa anashona kitu ambacho nadhani hakikuwa na haja ya kushonwa. Nilipotulia aliniambia hakutaka kunitajia jina kwa sababu alifikiri ni haki yangu kumwona mwenyewe kwanza. "Nilidhani nitakunyang'anya," alisema. Sikuwa na hasira naye. Ningependa sana kuwa na hasira naye.

Alinifungia zile karatasi kwa kitambaa kilekile nikaondoka nazo. Nyumbani nilizitandaza kitandani, upande wa Esnah, zikatosha barabara. Nilijaribu kufuta. Raba ya penseli iliondoa penseli na kuacha biro. Nilijaribu kuchora upya kutoka kwenye mistari ya chini, nikaanza mguuni, mguu wa kushoto, kama Jaffer. Nilipofika nyongani mkono ulisimama. Sikujua maumivu yake yalivyovuta mwili. Jaffer alijua kwa kutazama, na mimi niliyelala naye kitanda kimoja nilikuwa na vipimo.

Jioni, kabla ya giza, nilichagua moja ambayo sikuiharibu sana, ile ya mfuko wa gunia miguuni. Nikaipeleka dirishani, nikaipiga picha kwa simu, nikamtumia Sharon. Sikuandika neno. Kwao ilikuwa asubuhi, anatoka kazini. Simu ikaita kabla sijavua miwani.

"Tata! Ni mama!" Alikuwa akicheka na kulia kwa pamoja. "Ni yeye kabisa! Angalia vile ameshika nyonga. Hapo ni sokoni, anakungoja, si ndiyo? Tata, umempata!"

Nilikuwa nimekaa ukingoni mwa kitanda. Hakuwa na uso wala jina, karatasi ilikuwa chafu na picha mbovu ya simu ya mzee, na mtoto alikuwa amemjua mama yake kutoka ng'ambo ya bahari kwa muda wa kufungua ujumbe.

"Aliyemchora ni fundi mmoja wa nguo hapa Daraja Mbili," nikamwambia. "Anaitwa Jaffer."

"Mwambie asante. Mwambie nitamletea zawadi." Nadhani alikuwa akiikuza picha kwa vidole. "Lakini nani amemharibu na hii biro nyekundu? Amemchoreachorea mwili wote. Ni watoto?"

Uongo ulikuwa tayari mdomoni. Watoto wapo kila mahali sokoni, na Sharon asingeuliza zaidi.

"Ni mimi," nikasema.

"Wewe? Kwa nini?"

"Niliona amesimama vibaya."

Nilisikia gari likipita huko aliko, na sauti ya mtu akimsalimia kwa Kiingereza. Sharon hakumjibu yule mtu.

"Tata," akauliza polepole, "kwani hukumtambua?"

"Sikumtambua, Sharon."

Hakukata simu. Na mimi nikakaa nimeishika sikioni, mkono mwingine juu ya zile karatasi.